Ngumbaru wa Kifaransa

Mfanyabiashara wa Lubumbashi akizungumza Kiswahili, mtu wa Dar es Salaam atamfuata vizuri mpaka afike kwenye tarehe. "Ile camion ilitoka le dix-huit, donc tuko tunangojea tu douane." Vitenzi ni vyetu, lakini siku ya mwezi, bei, kiasi cha mzigo na mara nyingi hata "kwa hiyo" ni vya Kifaransa. Anayesikiliza upande wa pili wa simu hubaki na nusu ya habari. Lori limetoka, lakini lini? Fedha imelipwa, lakini kiasi gani? Katika kazi yangu ya uwakala wa forodha, nusu hiyo iliyobaki ndiyo yenye hasara au faida ndani yake.

Shaba ya Katanga hushuka mpaka bandari ya Dar es Salaam, na bidhaa za kila aina hupanda kwenda huko kwa barabara ya Tunduma, zikikatiza Zambia hadi mpaka wa Kasumbalesa. Wanaoishi kwa barabara hiyo huelewana kwa Kiswahili. Ndiyo maana watu huniuliza, na wana haki ya kuuliza, Kifaransa ni cha nini kwa mwanamke wa umri wangu. Wakongo si wanajua Kiswahili? Wanajua, na ndicho kilichonipeleka darasani. Nilitaka kuisikia sentensi nzima ya mtu ambaye tayari ananisemesha kwa lugha yangu.

Kampuni kubwa ya migodi ya Katanga, Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikipa Kiswahili nafasi kubwa katika kambi za wafanyakazi. Ofisi na shule za juu zilibaki na Kifaransa mpaka Ubelgiji ilipoondoka mwaka 1960, na baada ya hapo pia. Naona ndiyo sababu hesabu imekaa upande ule. Mtu alichimba kwa Kiswahili, akaandikiwa mshahara kwa Kifaransa. Tarehe ilikuwa mali ya karani, na deni lilikuwa mali ya karani. Kifaransa changu, basi, hakikuanzia Paris. Kilianzia kwenye vitabu vya mishahara vya Katanga, ambavyo sikupata kuviona, na kikanifikia kwa simu.

Hata namba zenyewe si zile za Paris. Mfaransa akifika sabini husema sitini na kumi, themanini kwake ni ishirini mara nne, na tisini ni ishirini mara nne na kumi. Mkongo, Mrundi na Mnyarwanda, waliofundishwa chini ya Wabelgiji, husema septante kwa sabini na nonante kwa tisini, maneno mafupi yasiyomtaka msikilizaji apige hesabu kichwani. Darasani tunafundishwa namba za Paris, kwa sababu mtihani unatoka huko. Nikirudi ofisini, wateja wangu wanatumia zile nyingine. Mwalimu wetu ni mama wa Kirundi, mzaliwa wa Bujumbura, anazijua zote mbili, na tangu mwanzo alituambia tuzishike zote, kwa kuwa hakuna iliyo mbovu.

Wenzangu ofisini walinipa methali: samaki mkunje angali mbichi. Naiheshimu methali hii kwa malezi ya watoto, ambako ndiko kwao. Lakini imekuwa ikitumiwa kuwafungia watu wazima milango, na nchi yangu ina ushahidi mkubwa dhidi ya matumizi hayo. Mwaka 1964, akiwasilisha mpango wa maendeleo wa miaka mitano, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba watoto waliokuwa shuleni wasingeweza kubadili uchumi wa nchi kwa miaka mitano, kumi au hata ishirini, na kwa hiyo lazima waelimishwe kwanza watu wazima. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Darasa likaitwa ngumbaru, na aliyesoma humo naye akaitwa ngumbaru.

Mama yangu mkubwa alikuwa ngumbaru. Jioni, watoto walipokwisha kutoka, yeye na wenziwe waliingia katika shule ya msingi ya kijiji, wakaketi kwenye madawati yaliyotengenezwa kwa magoti ya watoto, wakachora herufi. Aliacha kutia dole gumba akaanza kuandika jina lake. Nilipokuwa msichana nililiona jina lile kwenye karatasi, limeinama upande mmoja, kila herufi imebonyezwa mpaka upande wa pili wa ukurasa, na sikulifikiria zaidi. Nilikuja kulifikiria huko Upanga, Dar es Salaam, katika darasa la jioni la Kifaransa, kalamu mkononi, watoto wa watu wakinizunguka. Vijana wale wamemaliza kidato cha sita juzi. Wanakamata sauti kwa wepesi ambao mimi sina. Lakini sijaona kwamba kuchelewa ni kukosa. Mtu mzima anakuja na kitu ambacho kijana bado anakitafuta: anajua anataka kusema nini, na anataka kumwambia nani.

Kazi ya kwanza ni mdomo. Kiswahili kina irabu tano, na maandishi yake yanaaminika: kilichoandikwa ndicho kinachosemwa. Kifaransa kina irabu zaidi ya kumi, na baadhi hupitia puani. Kati ya u yetu na i yetu imo irabu ambayo hatukuwahi kuwa nayo, ulimi ukiwa mahali pa i na midomo ikiwa imesukumwa mbele. Juu ya kitu wanaita dessus, chini yake wanaita dessous, na tofauti yote iko kwenye irabu hiyo moja. Ukipakia makontena utaona kwamba hili si jambo la mapambo. Kipi kikae juu na kipi chini ni swali la bima.

Kinachomsumbua mtu mzima hapa ni uso kuliko ulimi. Sisi tumelelewa kwamba kubinua midomo mbele za watu ni dharau. Msichana aliyebinua midomo mbele ya bibi yake alijua kitakachofuata. Halafu unakaa mbele ya mwalimu, na mwalimu anasema, binua midomo, zaidi, zaidi bado. Mwili unakataa kabla akili haijaulizwa. Vijana hufanya mara moja na kucheka. Wazima huangalia pembeni. Nilichukua muda kuelewa kwamba sikuwa nashindwa sauti. Nilikuwa natii malezi. Na malezi hayo sikutaka kuyapoteza, nilitaka yanipishe kidogo jioni, nikiwa darasani, kisha nikirudi nyumbani tuendelee.

Molière alikwisha kuliona jambo hili. Mwaka 1670, katika kasri la Chambord, kundi lake lilimchezea Mfalme Louis wa Kumi na Nne tamthilia ya Le Bourgeois gentilhomme, ambayo Waswahili waliipata kwa tafsiri yenye jina Mchuuzi Mwungwana. Monsieur Jourdain ni mfanyabiashara mwenye mali na umri wake, anayetaka kuwa mtu wa tabaka la juu. Anawaajiri walimu wa muziki, wa kucheza, wa upanga na wa falsafa. Mwalimu wa falsafa anaishia kumfundisha irabu. Anamweleza a inavyotaka mdomo wazi, i inavyovuta pembe za mdomo kuelekea masikioni, na u inavyosukuma midomo nje, kiasi kwamba ukitaka kumkebehi mtu unaweza kumtolea irabu hiyo na ikatosha. Jourdain anafurahi mno. Anawalaumu wazazi wake ambao hawakumsomesha. Kisha anakwenda kumwonyesha mkewe na mtumishi wa ndani, ambaye anaitamka u barabara bila kujua kwamba kuna la kujua.

Watazamaji wamecheka kwa zaidi ya miaka 350, na Molière alitaka wacheke. Mimi nimesimama upande wa Jourdain. Tamaa yake ya ukubwa, nguo zake na mabwana wanaomkopa bila nia ya kulipa, hayo na yachekwe. Lakini ile furaha ya mtu mzima anayegundua kwamba mdomo wake, alioutumia maisha yote kula na kusema, una mahali ambapo kila sauti hukaa, hiyo ni furaha ya kweli, na katika tamthilia nzima sioni aliye nayo ila yeye. Walimu wake wanajua mambo hayo na hayawagusi. Mkewe ana busara, lakini hataki kujua. Jourdain peke yake anashangaa. Kuna elimu ambayo humfikia mtoto bila yeye kuhisi chochote, na humfikia mtu mzima akaisikia inaingia. Sidhani mtoto ndiye aliyependelewa hapo.

Vijana wenzangu waliogopa sana jinsia za maneno, kwamba meza ni ya kike na kitanda ni cha kiume. Kwa mtu wa ngeli hilo si la kutisha. Sisi hupanga majina katika makundi mengi kuliko mawili, na kila neno linalofuata hutii: vitabu vyangu vyote vizuri vimeanguka. Tatizo la Kifaransa ni kwamba utii wake unaandikwa bila kusikika. Andika kwamba msichana mdogo anafika, kisha kwamba wasichana wadogo wanafika: la petite fille arrive, les petites filles arrivent. Jicho linaona nomino, kivumishi na kitenzi vyote vimebadilika, na sikio halisikii badiliko lolote isipokuwa katika kile kineno cha mwanzo. Sikio la Mswahili limezoea kukumbushwa wingi katika kila neno, kwa hiyo huendelea kungoja ukumbusho usiokuja. Inabidi ujifunze kukikamata kile kineno cha kwanza, maana hakirudi.

Ndiyo sababu Wafaransa wenyewe hupimana kwa imla. Inasimuliwa kwamba mwaka 1857 mwandishi Prosper Mérimée aliwatungia watu wa ikulu ya Napoleon wa Tatu imla iliyojaa mitego. Mfalme, simulizi inasema, alipata makosa 75, malkia Eugénie, Mhispania kwa kuzaliwa, makosa 62, na Alexandre Dumas mtoto, aliyekuwa mwandishi wa kazi, makosa 24. Aliyewashinda wote alikuwa balozi wa Austria, Metternich, kwa makosa matatu. Mwalimu alituhadithia haya jioni moja baada ya imla iliyotuchosha, na hakuongeza neno. Darasa zima lilinyamaza kidogo, kisha kila mtu akageuza ukurasa akaandika tena. Mgeni alikuwa amejifunza kwa kanuni kile ambacho mwenyeji alikipokea kwa masikio, na masikio peke yake, katika lugha ile, hayatoshi.

Kuna mambo ya utamaduni wao ambayo tulihitaji kufundishwa, na mengine tuliyokuja nayo. Tuliambiwa kwamba Ufaransa mtu haanzi kuuliza bei dukani kabla ya kusema bonjour, na kwamba wageni wengi hupokewa kwa ubaridi kwa sababu wametanguliza shida zao. Hili halikutuchukua dakika. Hakuna mtu wa pwani anayeingia mahali bila hodi wala salamu.

Lakini tu na vous, yaani wewe ya karibu na wewe ya heshima, zilitusimamisha. Zoezi lilisema marafiki wawili wanapanga kukutana sokoni, wakitumia tu, kama marafiki wanavyosemeshana. Nilipangiwa binti anayesomea hoteli, ambaye kila siku akiingia hunipa shikamoo. Akaanza kwa vous. Mwalimu akamrekebisha. Akarudia vous.

"Ninyi ni marafiki," mwalimu akasema. "Tumia tu."

"Mwalimu, siwezi. Huyu ni mama."

"Katika zoezi hili ni rafiki yako."

"Hata katika zoezi, mwalimu."

Mwalimu hakumlazimisha. Nimelifikiria sana jambo lile, kwa sababu kwa Kiswahili binti yule yule ananiambia wewe bila wasiwasi. Sisi tunamwambia wewe mtoto, rais na Mwenyezi Mungu. Heshima yetu tumeiweka kwenye shikamoo, kwenye majina ya mama, shangazi na babu, kwenye kungoja mkubwa amalize, na kwenye namna ya kupokea kitu kwa mikono miwili. Mfaransa ameiweka ndani ya kitenzi, ikampasa aamue kila anapofungua mdomo. Binti alihisi kwamba akisema tu, hakuna mahali pengine katika sentensi ile ambapo angeweza kunirudishia heshima aliyoiondoa. Alikuwa amekielewa Kifaransa zaidi yetu sote. Tulipofanya zoezi tena alinikubalia kwa sharti kwamba aanze kwa kuniita maman, na mwalimu akasema kwamba huko Bujumbura wapo wanaosema hivyo hivyo.

Sehemu ngumu kuliko zote haimo katika kitabu chochote cha mazoezi. Ni kuwa mtu mzima mwenye lugha ya mtoto. Kwa Kiswahili ninaweza kumfariji mfiwa, kupatanisha ndugu, kumkatalia mtu ombi lake bila kumvunja. Kwa Kifaransa, kwa muda mrefu, niliweza kusema kwamba ninaishi Dar es Salaam na kwamba leo kuna jua. Mawazo yanakuja na umri wake wote, yanafika mlangoni, yanakuta mlango ni mfupi. Mteja mmoja wa Cotonou, asiyejua Kiswahili, aliniandikia kwamba mzigo utachelewa kwa sababu baba yake amefariki. Nilijua maneno ya pole yaliyoko kwenye kamusi. Sikuwa na yale yanayokuja baadaye, ya kumkalisha mtu na kumwacha azungumze. Nilimwandikia sentensi tatu fupi: kwamba nimesikitika, kwamba baba hupatikana mara moja, kwamba mzigo uache kwanza. Alijibu siku hiyo hiyo, kwa barua ndefu, akinisimulia baba yake.

Tangu hapo sikudharau tena sentensi fupi, na nilipomkuta mwandishi Ágota Kristóf nilikuwa tayari kumsikiliza. Aliikimbia Hungaria mwaka 1956, akiwa na miaka 21 na mtoto mchanga, akafika Uswisi upande wa Neuchâtel, kwenye kazi ya kiwanda cha saa. Huko alianza Kifaransa kutoka sifuri, mwanamke aliyekuwa akijua kusoma tangu utotoni akawa tena kama asiyejua. Riwaya yake ya kwanza, Le Grand Cahier, ilitoka mwaka 1986. Imeandikwa kwa sentensi fupi, kavu, zisizo na pambo. Masimulizi yenyewe ni ya watoto wawili wakati wa vita wanaojiwekea sheria ya kuandika yaliyotukia tu. Nilimaliza kitabu kile kwa kamusi na sikuona ukosefu ndani yake. Lugha aliyoweza kuishika ilikuwa nyembamba, naye akaijaza mpaka pembeni.

Lakini Kristóf hakukipenda Kifaransa kwa namna ambayo walimu wangependa tuseme. Alikiita lugha ya adui. Hakukichagua, kilimkuta, na alikishitaki kwamba kilikuwa kinaua Kihungaria chake. Namweka kando ya François Cheng, aliyetoka China na kufika Ufaransa mwaka 1948 bila Kifaransa, akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, na ambaye mwaka 2002 alichaguliwa kuingia Académie française, ile taasisi ya watu 40 iliyoanzishwa na Richelieu mwaka 1635 kuilinda lugha. Mmoja aliiona lugha kama kidonda, mwingine kama makao. Siwezi kusema nani alikuwa sahihi. Ninaweza kusema tu kwamba wote wawili waliingia wakubwa, na kwamba jambo lililowatenganisha lilikuwa kubwa kuliko sarufi: mlango gani ulifungwa nyuma yao walipoingia.

Hapa ndipo ninapoihisi bahati yangu. Kifaransa kimewafikia wengi kwa fimbo, na Wafaransa wenyewe wamo. Mwaka 1794, katikati ya Mapinduzi, padri Henri Grégoire alitoa ripoti kwa bunge akisema kwamba katika nchi ya watu wapatao milioni 28, waliokisema Kifaransa sawasawa hawakuzidi milioni 3. Wengine walikuwa watu wa Kibretoni, Kibaski, Kioksitani na lugha nyingine, na Grégoire alitaka lugha hizo ziondolewe. Shule ndiyo iliyofanya kazi hiyo katika karne iliyofuata. Huko Bretagne mtoto aliyekamatwa akisema lugha ya mama yake alibebeshwa kitu cha aibu, akakaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Kitu hicho kikavuka bahari kikaingia shule za Afrika Magharibi kwa jina la symbole. Bernard Dadié wa Côte d'Ivoire alikieleza katika Climbié, kitabu chake cha mwaka 1956. Wasomaji wa Kenya hawahitaji kuelezwa zaidi, wamekisikia kwa Kiingereza, chini ya jina la diski.

Niliwahi kumuuliza mwalimu wetu yeye alijifunzaje. Tulikuwa tunangoja mvua ipungue, darasa limekwisha. Alinieleza habari za shule na masista, na vitabu vyenye picha za theluji. Kisha akasema, "Ninyi mmekuja wenyewe, tena mmelipa karo. Mimi sikuulizwa." Nilimuuliza kama anakichukia. Akasema hapana, ndicho alichowasomeshea wanawe na ndicho anachohesabia, lakini wapo wa ukoo wake, wazuri kuliko yeye kwa akili, walioachwa nyuma kwa sababu ya lugha hii tu, na hawezi kuifundisha bila kuwakumbuka. Ndiyo maana, alisema, hamwaibishi mtu darasani kwake. Sikuwa nimewaza kwamba upole wa mwalimu unaweza kuwa na majina ya watu ndani yake.

Sisi wa Tanzania hatukubebeshwa kitu shingoni kwa ajili ya Kifaransa. Kiingereza tuna kesi nacho, ndefu, na haijaamuliwa. Kifaransa kilitukuta huru, na mtu anayekianza akiwa na umri wake, kazi yake na lugha yake iliyokwisha kukomaa anakiendea akiwa amesimama. Anaweza kukipenda bila kukiogopa. Anaweza pia kukisoma pamoja na historia yake yote, ya Molière na ya symbole, bila kulazimika kuchagua moja, kwa sababu hakuna anayemtishia kumfukuza shule. Naamini huo ndio uwezo hasa wa ngumbaru. Kukariri kwake ni kwa shida, lakini anasoma akiwa na uamuzi wake mkononi.

Darasani kwetu yuko mzee mstaafu wa reli ya TAZARA, ambaye vijana wanamwita babu. Hana mteja wa Lubumbashi wala mtoto aliye Ulaya. Ujana wake ulipita miaka ambayo vitabu vya ukombozi vilipitishwa mkono kwa mkono, na alimsoma Frantz Fanon kwa Kiswahili, katika Viumbe Waliolaaniwa, tafsiri ya Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga. Anataka kumsikia Fanon mwenyewe kabla hajafa, anasema hivyo bila huzuni yoyote. Ameanza na kitabu cha kwanza, Peau noire, masques blancs, cha mwaka 1952, ambacho sura yake ya mwanzo inahusu lugha. Humo Fanon anamwonyesha mtu wa Martinique anayekwenda Ufaransa, akijizoeza kuitamka r peke yake kwa sababu anajua huko watamsikiliza r kabla ya kusikiliza anachosema. Babu anasoma aya moja au mbili kila usiku, kwa penseli, na kutuletea maswali.

Wiki iliyopita alikuja na ubishi. Fanon anashikilia kwamba anayesema lugha anabeba ulimwengu wake na uzito wa ustaarabu wake. Babu alikubali kwa upande wa Fanon, akakataa kwa upande wake.

"Yeye alibebeshwa akiwa mtoto, mwalimu. Mimi nimejitwika mwenyewe, katika uzee wangu huu. Nikichoka natua."

Mwalimu aliitafuta ile sentensi katika kitabu chake, akaisoma kwa sauti mara mbili, ya pili polepole. "Mzee, unasema unaweza kutua kwa sababu bado unatafsiri. Siku utakapoota kwa Kifaransa, njoo uniambie umekitua wapi."

"Na wewe unaota kwa kipi?"

"Kirundi, nikiwa na mama. Nikiwa kwenye mtihani, Kifaransa."

Binti wa hoteli akauliza kama mtu anaweza kuota kwa lugha ambayo hajaifaulu, na hapo kila mtu akawa na la kusema, kwa Kiswahili, mpaka mwalimu akapiga meza akatuambia tubishane kwa Kifaransa au tunyamaze. Tukaendelea kwa Kifaransa. Ubishi ulipungua kasi lakini haukufa, na babu alishikilia hoja yake kwa vitenzi vya wakati uliopo tu, akigonga kitabu kwa kidole kila alipohitaji wakati uliopita. Mtihani wetu wa Kifaransa, wa ngazi ya B2, unataka alama 50 katika 100, na sehemu ya kuzungumza ni kutetea hoja mbele ya watahini. Mimi na yeye tumejiandikisha kwa mwezi wa tano. Hoja yake anayo tayari, yangu bado naitafuta.